Kitu Kisichouzika

Tarehe 5 Mei 2025 kampuni ya Microsoft iliifunga Skype. Tangazo lilikwisha kutolewa mwishoni mwa Februari kwa maneno ya upole, kama ilivyo desturi ya matangazo ya namna hiyo: watumiaji walishukuriwa, wakaelekezwa kuhamia katika programu nyingine ya kampuni ile ile iitwayo Teams, na wakapewa muda wa kuyachukua mazungumzo yao ya zamani kabla hayajafutwa. Magazeti mengi yaliipokea habari hiyo kwa maombolezo mepesi, kana kwamba mzee aliyekula chumvi nyingi amefariki kitandani mwake, na majirani hawana la kusema ila kumwombea rehema. Hukumu hiyo ni ya uvivu, na wasomi hawapaswi kuinyamazia. Skype haikufa kwa uzee. Ilizaliwa Agosti 2003, ikafungwa kabla ya kutimiza miaka 22, na katika umri huo mfupi ilikaa zaidi ya miaka 17 mikononi mwa makampuni mawili makubwa ya Marekani, ambayo yote mawili yaliinunua kwa mabilioni ya dola. Mtu akifa nyumbani mwa mlezi tajiri, jambo la kwanza la kuulizwa si umri wa marehemu, bali ni chakula alichokuwa akipewa.

Yafaa kukumbuka kitu hicho kilikuwa nini, maana wengi wa wanafunzi walio vyuoni leo walikuwa hawajazaliwa, au walikuwa wachanga, wakati Skype ilipokuwa ajabu ya dunia. Waanzilishi wake walikuwa Niklas Zennström, mtu wa Sweden, na Janus Friis, mtu wa Denmark. Lakini programu yenyewe ilitungwa Tallinn, mji mkuu wa Estonia, na wahandisi wachache, miongoni mwao Ahti Heinla, Priit Kasesalu na Jaan Tallinn. Watu hao walikuwa wamekwisha kutunga Kazaa, programu ya kupeana nyimbo na picha, na humo walijifunza jambo moja kubwa: kwamba kompyuta za watu wa kawaida zaweza kupelekeana habari zenyewe kwa zenyewe, bila ya kupita katika mtambo mkuu wa mtu yeyote. Waliitia elimu hiyo katika sauti. Simu ya zamani ilihitaji waya, waya ulihitaji kituo, na kituo kilikuwa na mwenyewe aliyetoza kila dakika. Skype ilimwondoa mwenye kituo. Katika Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, ambako kupiga simu ng'ambo kulikuwa jambo la kuhesabia sarafu, watu walikwenda katika mikahawa ya intaneti, wakavaa hedifoni, wakasemezana na jamaa zao walioko Muscat, London na Toronto. Sauti ilikatikakatika na picha iliganda, lakini wiki ya pili walirudi tena.

Septemba 2005 kampuni ya eBay, yenye soko la mnada katika intaneti, ilikubali kuinunua Skype kwa dola bilioni 2.6, pamoja na ahadi ya kuongeza hadi bilioni 1.5 nyingine ikiwa malengo fulani yangefikiwa. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba muuzaji na mnunuzi wakiweza kusemezana kwa sauti, biashara ya mnada itasitawi. Hoja hiyo ilistahili kuulizwa swali moja tu kabla ya kutiwa saini: ni muuzaji gani aliyeliomba jambo hili? Mtu anayenadi saa kuukuu kwa muda wa siku saba hataki kupigiwa simu na wageni mia. Raha yake katika mnada wa maandishi ni kwamba haumlazimu kusema na mtu. Wakurugenzi waliokuwa wameuendesha mnada huo kwa miaka kumi walishindwa kuliona jambo ambalo dalali yeyote wa mtaani angelisema bila ya kufikiri. Oktoba 2007 eBay ilitangaza gharama ya kiasi cha dola bilioni 1.4 kwa sababu ya ununuzi huo: milioni 530 walilipwa wenye hisa wa zamani ili kuimaliza ile ahadi ya nyongeza, na nyingine zilikuwa thamani iliyofutwa vitabuni. Zennström akaacha uongozi.

Bado hilo si jambo la ajabu zaidi. La ajabu zaidi lilikuwa ndani ya mkataba wenyewe. eBay ilikuwa imeinunua Skype bila ya kuununua ule ufundi wa kompyuta kupelekeana sauti zenyewe kwa zenyewe. Ufundi huo ulikuwa mali ya kampuni nyingine iitwayo Joltid, na wenye Joltid walikuwa Zennström na Friis. Skype iliutumia kwa ruhusa tu. Mwaka 2009 pande hizo mbili zilifikishana mahakamani, Joltid ikidai kwamba ruhusa imekwisha, na eBay ikalazimika kuungama katika taarifa zake rasmi kwamba ikishindwa kesi, yamkini haitawezekana kuiendesha Skype kama ilivyokuwa ikiendeshwa. Mnunuzi alikuwa amenunua mnazi, shina na makuti, na mizizi ikabaki katika kiwanja cha jirani! Suluhu ilipatikana Novemba 2009: waanzilishi walirudishiwa fungu la asilimia 14, ufundi ukaingizwa katika Skype, na kundi la wawekezaji lililoongozwa na Silver Lake likanunua sehemu kubwa ya kampuni kutoka kwa eBay.

Watu waliosikia kisa hicho waliwacheka wanasheria wa eBay, na kicheko chao kilikuwa halali. Walakini kisa hicho si kioja cha pekee. Ni umbo la wazi la jambo litokealo karibu kila mara, ila kwamba kwa kawaida halionekani. Kampuni kubwa inaponunua kampuni ndogo ya programu hupewa orodha: jina, alama, maandishi ya programu, hesabu ya watumiaji, mikataba ya wafanyakazi, meza na viti. Mara nyingi thamani ya vitu hivyo ikijumlishwa haifikii bei. Kilichobaki huandikwa na wahasibu chini ya jina jema la kampuni, yaani sifa yake mbele ya watu. Ndicho kitu hasa kilichomvuta mnunuzi, nacho ni vitu viwili ambavyo muuzaji hana uwezo wa kuviuza. Cha kwanza ni uamuzi wa watu wachache wanaojuana, ambao asubuhi wanaweza kuona kosa na jioni wakalitengeneza bila ya kuomba idhini. Cha pili ni imani ya watumiaji, ambayo ni yao wenyewe, na ambayo waliitoa kwa kitu kile kilivyokuwa siku ile. Hakuna mkataba uwezao kuvihamisha vitu hivyo viwili. Huweza kutunzwa tu, na utunzaji ni kazi ambayo taratibu za kampuni kubwa haziielewi, kwa maana haina safu yake katika makadirio ya fedha.

Microsoft iliinunua Skype mwaka 2011 kwa dola bilioni 8.5, zaidi ya mara tatu ya bei ya eBay, wakati ambapo watu wapatao milioni 170 waliitumia kila mwezi. Haiwezi kusemwa kwamba kampuni hiyo haikuifanyia Skype kazi. Iliifanyia kazi mno, na kila mara kwa ajili ya haja isiyokuwa ya Skype. Mwaka 2013 iliifunga programu yake ya ujumbe, Messenger, ikawahamishia watu wake katika Skype. Mwaka 2015 ilichukua programu yake ya maofisini iliyokuwa ikiitwa Lync, ikaibandika jina la Skype for Business, hata mtu akisikia “Skype” hakujua tena anaambiwa kitu gani. Mwaka 2017 ilibadilisha sura ya Skype yenyewe, ikatiwa mahali pa kuonyeshana picha za pitapita kama zile zilizopendwa na vijana katika programu nyingine. Watu waliokuwa wakitaka kumpigia mama simu waliona mapambo ambayo hawakuyaomba, na malalamiko yakawa makubwa, hata mwaka uliofuata kitu hicho kikaondolewa. Na mwaka ule ule wa 2017, Microsoft ilizindua Teams, ambayo nayo ilipiga simu, ilionyesha picha na kupeleka ujumbe. Tangu siku hiyo nyumba moja ilikuwa na wake wawili na chungu kimoja, na kila mtu aliyeyajua mambo ya nyumba alijua ni nani atakayelala na njaa.

Yaja mwaka 2020. Ugonjwa wa Uviko uliwafungia watu majumbani duniani kote, na haja ya kuonana kwa mbali ikawa kubwa kuliko wakati wowote tangu kuumbwa kwa simu. Ikiwa palikuwa na jina moja lililokuwa tayari vinywani mwa watu kwa haja hiyo, lilikuwa Skype. Katika lugha nyingi lilikwisha kuwa kitenzi. Mwezi wa Machi Microsoft ilisema watu milioni 40 wanaitumia kila siku. Lakini familia, shule na makanisa vilimiminika kwingine, kwa kampuni iliyokuwa haina hata miaka kumi, Zoom, ambayo Aprili ya mwaka huo ilihesabu washiriki wa mikutano milioni 300 kwa siku.

Habari ya Zoom nayo ina asili ya kusomwa kwa makini. Mwanzilishi wake, Eric Yuan, alikuwa mmoja wa wahandisi wa mwanzo wa WebEx, kampuni ya mikutano kwa intaneti ambayo Cisco iliinunua mwaka 2007 kwa dola bilioni 3.2. Yuan alibaki ndani ya Cisco akiwa kiongozi wa wahandisi, akaona kwamba wateja hawaridhiki, akaomba programu itungwe upya ifae simu za mkononi. Hakukubaliwa. Mwaka 2011 aliondoka, na wahandisi wapatao 40 wakamfuata. Basi Cisco ilikuwa imelipa mabilioni matatu ili kumpata mtu huyu pamoja na wenzake, ikawa naye nyumbani kwa miaka minne, akaiambia kwa kinywa chake kitu kinachotakiwa, nayo ikamwacha aende akawe mshindani wake. Haikukosa habari, wala haikukosa fedha. Ilikosa mtu mwenye mamlaka ambaye angeweza kusema “ndiyo” bila ya kuhofia hesabu za robo mwaka.

Wako wanaojibu kwamba mambo haya hayawahusu watu wa nje. Aliyenunua amenunua kwa fedha zake, na pilipili usiyoila yakuwashiani? Jibu hilo lingekuwa na nguvu kama kitu kilichonunuliwa kingekuwa shamba la mtu mmoja. Lakini kampuni haikununuliwa kwa ajili ya maandishi yake. Ilinunuliwa kwa sababu mamilioni ya watu walikuwa wameweka humo mazungumzo, picha na majina ya jamaa zao. Wao ndio waliokuwa bei. Aliyehesabiwa wakati wa kuuza ana haki ya kusema wakati wa kuvunja. Wengine, wenye busara zaidi, husema kwamba Skype ingekufa tu, kwa kuwa simu ya mkononi ilibadilisha dunia na programu iliyotungwa kwa ajili ya kompyuta ya mezani haikuweza kuifuata. Hoja hii ina sehemu ya ukweli. Njia ile ya kompyuta kupelekeana sauti zenyewe haikufaa simu ndogo zenye betri dhaifu, ikabidi iachwe. Walakini Skype ilikuwa ndani ya simu za iPhone tangu Machi 2009, mwaka ambao WhatsApp ilikuwa ndiyo kwanza inaanzishwa. WhatsApp iliponunuliwa na Facebook mwaka 2014 ilikuwa na watumiaji milioni 450 na wafanyakazi 55 tu. Hamsini na watano! Microsoft ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya laki moja. Haiwezekani kudai kwamba walioshindwa walikosa mikono.

Kisa cha Flickr chathibitisha kwamba ugonjwa huu si wa kampuni moja. Flickr ilizaliwa Vancouver, Kanada, mwaka 2004, katika kampuni ndogo ya Stewart Butterfield na Caterina Fake, ambao walikuwa wakijaribu kutunga mchezo wa kompyuta. Mchezo haukufika, lakini njia ya kuonyeshana picha iliyotokana nao ikapendwa sana. Yahoo iliinunua Machi 2005. Kwa haki lazima isemwe kwamba Yahoo ilifanya jambo moja jema, yaani kuifunga huduma yake yenyewe ya picha na kuiachia Flickr nafasi. Jambo lililofuata lilikuwa la kufahamika zaidi: mwaka 2007 watumiaji wa zamani walilazimishwa kuacha njia yao ya kuingilia na kuchukua akaunti za Yahoo. Kwa afisa wa makao makuu, hilo lilikuwa jambo la kupanga vitabu vyake vizuri. Kwa mtu aliyekuwamo tangu mwanzo, ambaye alijiona kuwa mwenyeji na si mpangaji, lilikuwa kama kuamriwa apige hodi mlangoni pake. Walipiga kelele, na kelele zao hazikubadilisha kitu. Mwaka 2008 waanzilishi wote wawili waliondoka. Septemba 2010 Flickr ilitimiza picha bilioni 5, hazina kubwa. Mwezi uliofuata ikatoka Instagram, programu ya vijana wachache kwa ajili ya simu tu, na katika muda mfupi watu wakasahau kwamba hazina ile ipo. Mwaka 2018 Flickr iliuzwa kwa SmugMug, kampuni ya familia moja.

Na Yahoo haikujifunza. Mwaka 2013 iliinunua Tumblr kwa dola bilioni 1.1, na safari hii kiongozi wake, Marissa Mayer, aliahidi hadharani kwamba hawataiharibu. Kampuni ikifikia hali ya kuwaapia watu kwamba haitaharibu kitu ilichokinunua, historia yake imekwisha kutoa ushahidi. Mwaka 2016 thamani iliyofutwa vitabuni kwa ajili ya Tumblr ilipita dola milioni 700.

Itaulizwa kama basi kila ununuzi ni msiba. Sivyo. Google iliinunua YouTube Oktoba 2006 kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 1.65. Ilikuwa na huduma yake ya video, ikaiacha ife. YouTube ilibaki na jina lake, ilibaki San Bruno, na mmoja wa waanzilishi wake, Chad Hurley, aliiongoza hadi 2010. Google ilileta yale ambayo kampuni ndogo haikuwa nayo: mitambo ya kuhifadhi video zisizohesabika, na wanasheria wa kukabiliana na Viacom, iliyofungua kesi mwaka 2007 ikidai zaidi ya dola bilioni moja. Tofauti yaonekana mara moja. Huku mnunuzi alibeba mzigo na kumwachia mwenye kazi usukani. Kule aliushika usukani na kumwachia mzigo. Wala haitaki akili ya ajabu kufanya lile la kwanza. Linataka mkubwa akubali kwamba mdogo ameliona jambo ambalo yeye hakuliona, na kwamba ndiyo sababu amelipa. Makampuni makubwa hukubali hivyo siku ya kutia saini, kisha huamka siku ya pili na kuanza kumfundisha mdogo kazi.

Lawama haiwezi kuwaishia wanunuzi peke yao. Butterfield, aliyeyaona kwa macho yake yaliyoipata Flickr, baadaye alianzisha Slack, na mwaka 2021 Slack ikauzwa kwa Salesforce kwa dola bilioni 27.7, mwanzoni mwa 2023 akaondoka huko pia. Katika Nairobi na Dar es Salaam, vijana wanaotunga programu huulizwa na wawekezaji, kabla hata kazi haijapata mtumiaji wa mia, watatoka kwa njia gani. Na kutoka maana yake ni kununuliwa. Neno hilo limeingia katika mashindano ya vyuo na katika semina za biashara bila ya kuchunguzwa, kana kwamba ni jina jingine la kufaulu. Hufundishwa hesabu ya bei, lakini hawafundishwi kuuliza ni nani atakayekuwa na neno la mwisho mwaka wa pili baada ya mauzo, au watumiaji watapewa haki gani kitu kikifungwa. Mkataba waweza kuyaandika mambo hayo. Zennström na Friis waliubakiza ufundi wao nje ya mauzo, nao wakarudi mezani wakiwa na nguvu. Waliyatetea masilahi yao wenyewe, na hakuna aliyeyatetea ya watumiaji.

Estonia yenyewe haikupata hasara. Fedha na elimu ya Skype vilibaki Tallinn kwa kiasi kikubwa. Taavet Hinrikus, mfanyakazi wa kwanza wa Skype, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa TransferWise mwaka 2011, kampuni ya kupeleka fedha nchi za nje ambayo leo yaitwa Wise, na Heinla pamoja na Friis walianzisha Starship Technologies mwaka 2014, inayotengeneza vigari vya kupeleka mizigo bila ya dereva. eBay nayo ilipouza fungu lake la mwisho kwa Microsoft ilipata faida. Wakurugenzi wa Microsoft walioamua ununuzi wa 2011 walikwisha kwenda zao zamani kabla ya kufungwa. Waliobaki na hasara ni wale wasiokuwamo katika hesabu yoyote: mzee aliyekuwa amefundishwa na mjukuu wake kubonyeza kitufe kimoja cha buluu na asiyeweza kufundishwa kingine, na familia ambazo maneno ya waliokwisha kufariki yamo katika maandishi ya usiku wa miaka kumi na mitano iliyopita. Maandishi hayo, kwa yule ambaye hakuyachukua mwenyewe, yalipangiwa kufutwa Januari 2026.